Kipandikizi cha kahawa hukaushwa na majani yake

Robusta za KR, yaani zile aina za kahawa za Uganda zinazohimili ugonjwa wa mnyauko, huzalishwa kwa vipandikizi, vipande vya chipukizi vinavyooteshwa mizizi. Mbegu haitoi mti unaofanana sawasawa na mama, kwa sababu robusta huchavushwa na miti mingine. Tatizo ni kwamba kipandikizi hakina mizizi, ilhali majani yanaendelea kutoa maji. Yanatoka kama mvuke kupitia vitundu vidogo vilivyo upande wa chini wa jani, na jua, upepo na hewa kavu huyaharakisha.

Kata asubuhi mapema, uweke machipukizi ndani ya gunia lililoloweshwa. Chukua yale yanayokua wima tu. Tawi la pembeni litaota mizizi, lakini mti wake utatambaa badala ya kusimama. Ncha laini huoza, na sehemu iliyokwisha kuwa ya kahawia huchelewa kuota. Kila kipandikizi kiwe na kifundo kimoja (pale majani yanapotokea), jozi ya majani, na shina la sentimita 5 hivi chini yake, lililokatwa mshazari.

Kila jani likatwe libaki nusu. Wako wanaoyang'oa yote wakidhani wanaokoa maji. Hao wanakinyima kipandikizi chakula cha kutengenezea mizizi.

Chomeka hadi kifundoni, mwagilia, kisha funika kwa kavera angavu, yaani plastiki inayopitisha mwanga, na uzibe kingo kwa udongo. Juu yake weka kivuli. Bila kivuli, kavera hupika kila kitu kwa siku moja. Matone yakionekana ndani yake, hewa ina unyevu wa kutosha, basi acha kufunuafunua. Yakikosekana, tafuta panapovuja kabla ya kuongeza maji, maana shina linalogeuka jeusi chini limeoza kwa maji mengi.

Hasara kubwa huja mizizi ikishatoka. Mtu anafurahi, anaondoa kavera lote mara moja, na jioni miche imelala. Jani lililozoea unyevu halijui bado kufunga vitundu vyake haraka. Fungua kidogo jioni, kesho zaidi, uendelee hivyo kwa wiki mbili au zaidi. Kivuli kipungue mwisho.

Shambani panda mvua zikianza, weka matandazo mbali kidogo na shina. Mche ukinywea saa saba mchana na kuinuka jioni, uache. Ule usioinuka hata asubuhi, ilhali udongo una unyevu, uchunguze mizizi yake.