Zumari yangu haikubaliani na kinanda cha kanisa, nikwangue ulimi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Toronto, niliingia bendi ya bagipaipu, zile zumari za Uskoti zenye mfuko, mwaka jana. Mzee wetu mmoja amefariki na nimeombwa nipige Amazing Grace kwenye mazishi Jumamosi, pamoja na kinanda. Nikipima kwa app ya simu, A yangu haitulii, inaonyesha B flati, mara B. Jamaa mmoja kaniambia nikwangue ulimi (tete linalotoa sauti) wa chanta, lile bomba la matundu ya vidole, kwa wembe mpaka sauti ishuke. Nikwangue? Halafu mchungaji anataka niseme kidogo kuhusu wimbo, nilitaka kusema ni wimbo wa kale wa Waskoti wa enzi zumari zilipopigwa marufuku.

JIBU: Marahaba, na poleni sana na msiba. Wembe usiuguse. Chanta yako ni nzima kabisa. A ya zumari za Uskoti siku hizi iko kwenye hezi 475 mpaka 485 hivi, B flati ya kinanda ni 466 na B ni 494, sasa app itakupa nini zaidi ya kurukaruka kati ya hizo mbili? Imetengenezewa gitaa na kinanda.

Kinachoniudhi, na nakutana nacho kila mara, ni watu kuichukulia zumari kama kinanda kibovu kinachosubiri fundi. Chanta ina noti tisa tu, G ya chini mpaka A ya juu, na zote zinapimwa dhidi ya ule mvumo wa mabomba matatu ya begani, sio dhidi ya kinanda. C shapu na F shapu ziko chini kidogo ya zile za kinanda, na hivyo ndivyo zinavyotakiwa ziwe, ndio maana zikilia juu ya mvumo unasikia zimekaa. Zipandishe ili umridhishe mpiga kinanda uone, mvumo unaanza kupiga mawimbi, wou wou wou, na hapo hata asiyejua muziki anakunja uso.

Ukikwangua ulimi unakuwa mlaini na sauti inashuka kweli, ila haishuki sawasawa kwa noti zote, na kutoka 480 mpaka 466 ni mbali mno, utaua ulimi kabla hujafika. Na matete yakishakwanguliwa hayarudi.

Kinachosogea ni kinanda. Mwambie mpigaji acheze ki (ufunguo) ya D kama wewe, apandishe transpozi nusu toni moja, halafu aingie kwenye tyuning ya jumla aweke A iwe 453 badala ya 440, hapo mtakutana kwenye 480. Kabla ya hapo wewe toka nje upulize robo saa hivi maana zumari ikipata joto inapanda, ukityuni ikiwa baridi unajidanganya, kisha mmalizie kwa masikio. Na asijaze kodi (noti kadhaa kwa pamoja), ashike D na A, F shapu akuachie wewe. Kama kinanda chao hakibadilishiki, azima chanta ya 466, zipo kwa kazi hiyohiyo, au piga peke yako, inatosha kabisa.

Sasa hayo maelezo yako, tafadhali usiyaseme mbele ya wafiwa. Maneno ya Amazing Grace aliyaandika John Newton, mchungaji Mwingereza aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa, yakachapishwa 1779. Hii tyuni unayoijua yalikuja kuunganishwa nayo Marekani mwaka 1835. Kwenye zumari umevuma na rekodi ya Royal Scots Dragoon Guards iliyoshika namba moja Uingereza 1972, kwa hiyo ukale wa Kiskoti uko wapi? Na ile sheria ya 1746 baada ya vita vya Culloden ilikataza silaha na mavazi ya Nyanda za Juu za Uskoti, zumari haikutajwa humo. Maombolezo ya Kiskoti hasa ni Flowers of the Forest, ya kuwakumbuka waliokufa kwenye vita vya Flodden mwaka 1513, na wapigaji wengi hawaipigi hadharani isipokuwa mazishini na siku za kumbukumbu.

Ukitaka kisa cha kweli kipo cha The Green Hills of Tyrol. Kwenye vita vya Crimea, kiongozi wa wapiga zumari wa kikosi cha 93 cha Waskoti, John MacLeod, alisikia bendi ya Wasardinia ikipiga muziki wa opera ya Rossini ya 1829, akaupenda, akaupanga upya uingie kwenye noti tisa. Aliubadilisha wimbo, chanta hakuigusa!

Ndio maana nawaambia vijana wote mlioko kwenye bendi, hao wanaouza mtandaoni chanta za mapambo zilizotobolewa upya na ndimi eti "zimetyuniwa 440", muwaepuke. Mtu akitaka kukurekebishia chanta mwambie kwanza apige noti zote tisa juu ya mvumo, mbele yako. Noti moja ikiwa juu, bandika utepe mweusi wa umeme kwenye ukingo wa juu wa tundu lake, kidogokidogo, ukizidisha unabandua unaanza tena.