Wageni wa kundi letu la kusoma, msiruke kurasa za barafu

Jumamosi nimelisikia tena: "Zile kurasa za barafu nimeziruka, nikaenda moja kwa moja kwa nyangumi." Jamani! Kitabu ni Der Schwarm, riwaya ya Frank Schätzing ambamo bahari inawageukia wanadamu, kilichotoka Ujerumani mwaka 2004, karibu kurasa elfu moja. Najua tafsiri ya Kiingereza nayo ni nzito na kurasa za wiki ni nyingi. Nawapenda, ndiyo maana nasema.

1. Waandikeni wahusika kwenye karatasi: jina, kazi, mahali. Johanson, biolojia, Trondheim. Anawak, nyangumi, Kisiwa cha Vancouver. Mkifika kwa Jenerali Li bila karatasi, mmepotea.

2. Msiruke sayansi. Hapa niliumia, na nikamuumiza mwenzangu.

Ilikuwa zamu yangu ya kuongoza. Maelezo ya haidrati za methani, yaani ile barafu ya chini ya bahari iliyonasa gesi, nilikuwa nimeyaruka yote, kwa haraka ya kufikia maafa. Basi mteremko wa bahari ulipoporomoka na wimbi likaipiga Ulaya ya kaskazini, nikasimama mbele ya wenzangu nikasema mwandishi amelitoa wimbi hilo kichwani, halina msingi wowote. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza chuoni akanyoosha mkono. Alikuwa na daftari. Akaanza kusoma: Storegga, nje ya pwani ya Norwei, zaidi ya miaka 8,000 iliyopita, sakafu ya bahari iliporomoka kweli, na mchanga ulioletwa na wimbi lake bado unaonekana Uskoti. Nikamkata: "Tusigeuze hapa darasa, hii ni hadithi." Akafunga daftari. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Usiku mmoja nikarudi kwenye zile kurasa. Yote yalikuwemo. Methani iliyonaswa ndani ya barafu kwa baridi na mgandamizo wa maji. Mita moja ya ujazo ikiyeyuka hutoa gesi ya mita za ujazo 160 hivi. Minyoo wanaitoboa barafu hiyo, mteremko unakosa kinachoushika, unashuka. Ndipo nikaelewa kwa nini Johanson anahangaika tangu anapoletewa minyoo ile. Mimi nilimwona mzee anayezungusha maneno tu. Nilimtafuta binti nikamwomba radhi. Alinisamehe, lakini kitabu alikuwa amesharudisha bila kukimaliza. Mpaka leo sijui angetuambia nini juu ya sura zilizobaki.

3. Tenganisheni kilichopo na kilichobuniwa. Viumbe wenye akili wa vilindini ni ubunifu. Minyoo wanaoishi kwenye barafu ya methani wapo, walionekana Ghuba ya Mexico mwaka 1997. Hawa wa riwayani wenye kuangusha mteremko ndio wa kubuni. Na Desemba ya mwaka uleule wa 2004 ikaja tsunami ya Bahari ya Hindi, iliyoua watu hadi Somalia, Kenya na Tanzania. Kila mwaka mgeni mmoja huniambia mwandishi aliitabiri. Hapana. Ile ilitokana na tetemeko karibu na Sumatra.

4. Usiyemaliza kurasa za wiki, njoo hivyo hivyo.

Jumamosi tunaanzia kwenye mporomoko. Aliyeruka barafu airudie kabla ya Ijumaa, na mwenye daftari ndiye atakayeanza kusema.