Sungura dume kahasiwa na bado anapanda: fanya hivi

Mtaani kwetu Ipuli, hapa Tabora, sungura ni kitoweo. Anayeitwa kwa jina na kulala sebuleni ni wa kushangaza, na aliyepelekwa kuhasiwa ndiyo kabisa. Kwa hiyo dume langu Pamba alipoendelea kumpanda mwenzake baada ya kuhasiwa, kila aliyepita alitoa hukumu. Bibi jirani aliniambia kwa huruma, "Mwanangu, yule daktari kala hela yako bure." Sivyo, na wafugaji wenzangu wanaoniuliza jambo hilohilo nawajibu hapa kwa kirefu.

Cha kwanza ni muda. Daktari huondoa korodani, lakini homoni ambazo zimeshaingia kwenye damu hubaki, na hupungua taratibu. Kwa madume wengi huchukua wiki 4 hadi 6, na wengine hufika 8. Katika kipindi hicho atakuzunguka miguuni huku akiguna, atarusha mkojo ukutani, atapanda mto, kandambili, hata mkono wako. Usimpige wala kumkemea. Hataunganisha kipigo na kosa, atakachojifunza ni kukuogopa.

La hatari zaidi ni kwamba mbegu zilizobaki kwenye mirija bado zinaweza kutia mimba. Jike wa sungura hasubiri siku maalumu kama ng'ombe. Kupandwa kwenyewe ndiko kunakofanya mayai yake yatoke, na baada ya siku 31 hivi anazaa. Kama jike wako hajahasiwa, watenganishe wiki 6 kamili. Mimi niliweka nyavu mbili za chuma zenye nafasi ya kiganja katikati. Waonane na wanusane, lakini wasifikiane, kwa sababu penye wavu mmoja wanang'atana pua.

Niseme na kidogo kuhusu upasuaji wenyewe, maana huku kwetu madaktari wa mifugo wengi mikono yao imezoea ng'ombe na mbuzi. Kabla hujamkabidhi sungura, muulize daktari kama ameshawahi kumlaza sungura kwa dawa ya usingizi, kisha muulize kama atataka ashinde na njaa. Sungura hatapiki, na tumbo lake likikaa tupu husimama kufanya kazi, kwa hiyo hafungishwi chakula kama mbwa. Na akikutajia burdizo ya mbuzi, yaani koleo la kuhasi kwa kuponda mishipa ya korodani bila kukata ngozi, mchukue sungura wako urudi naye nyumbani. Baada ya upasuaji anatakiwa ale siku ileile. Zikipita saa 12 hali wala hatoi kinyesi, hiyo ni dharura, usingoje kesho.

Sasa turudi kwenye kupanda. Homoni zikiisha, sungura wengi bado watapandana, ila sababu imebadilika: wanapangana nani mkubwa. Majike nao hufanya hivyo. Karanga, jike wangu, alipochoka kupandwa aligeuka akampanda Pamba, na Pamba akatulia kimya. Ugomvi mwingi ukaishia hapo.

Unapowakutanisha, tumia mahali ambapo hakuna aliyepafanya pake. Mimi nilitumia ukumbi wa nyuma, nikaupiga deki kwa maji na siki kuondoa harufu, nikaweka nyasi kavu kwa wingi na boksi lenye matundu mawili ili anayekimbia asikwame ndani. Wakutanishe alfajiri, hasa Septemba na Oktoba jua la Tabora linapochoma. Sungura hatoi jasho, joto la mwili hulitolea masikioni, na kukimbizana mchana kunaweza kumuua.

Macho yako yawe kwa yule wa chini. Akilala bapa, ametulia, anaendelea kutafuna, waache kwa sekunde kadhaa kisha msukume wa juu taratibu ashuke. Ukiwatoa kila wanapoanza, hawatapata nafasi ya kumaliza mambo yao na kesho wataanza upya. Lakini wa chini akihangaika kukimbia, akipiga kelele, au manyoya yakianza kuruka, watenganishe.

Kuna hali moja ambayo sivumilii hata sekunde moja: kupanda upande wa kichwa. Wa chini akishtuka huuma kilicho mbele ya meno yake, nacho ni uume wa mwenzake. Jeraha hilo ni baya sana. Nimejifunza dalili za Pamba. Huweka kwanza kidevu mgongoni mwa Karanga, mkia unasimama, halafu anazunguka kutafuta upande. Akianza kuelekea masikioni, mkono wangu unakuwa umeshaingia katikati. Vaa glavu nene kama wanapigana kweli.

Kwa walio wengi, wakishaanza kulambana uso na kulala wamegusana, kupandana hubaki kwa nadra: mkihama chumba, au mvua za kwanza zinapoanza na kila mnyama anachangamka. Hapo hakuna cha kutibu.

Ila ikipita miezi 2 na dume bado anarusha mkojo na kupanda kwa kasi ileile ya mwanzo, mrudishe kwa daktari na umuulize waziwazi kama alitoa korodani zote mbili. Wako madume ambao moja hubaki imejificha tumboni, na hiyo moja inatosha kuendeleza homoni. Mpaka upate jibu la uhakika, jike akae upande wake wa wavu.