Kuona nyuma ukiwa umebeba mzigo: nilivyoirekebisha Noah yangu mwenyewe

Mkuu, umesema una gari aina ya Toyota Noah, unabeba dagaa na mchele, ukishapakia kioo cha kati kinakuonyesha magunia tu, na hela ya kumlipa fundi akufungie mitambo huna. Unauliza nini unaweza kufanya kwa mikono yako. Shida hiyo nimeishi nayo miaka sita nikitoa dagaa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kupeleka Misungwi na Shinyanga, kwa hiyo niwie radhi nikijibu kwa kirefu.

Nianze na kilichonifanya nishike bisibisi. Asubuhi moja pale Mwaloni nilikuwa nimepakia hadi darini. Nikaweka rivasi, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, kote kweupe. Nikaachia breki. Ghafla wapagazi wakaanza kupiga ubavu wa gari kwa viganja: "Simama! Simama!" Nyuma yangu kulikuwa na mama ameinama, anazoa dagaa waliomwagika. Bampa lilishafika kwenye karai lake na kulikunja. Yeye hakuguswa, namshukuru Mungu. Aliinuka akaniuliza, "Mwanangu, kweli hukuniona?" Kweli sikumwona. Nililipa karai na dagaa, lakini swali lile nililala nalo.

Jioni ile nilifanya kipimo ambacho nakuomba ukifanye kabla hujanunua chochote. Weka gari mahali tambarare, likiwa tupu, kaa kwenye kiti unavyokaa siku zote. Mtu asimamishe ndoo ya lita 20 nyuma ya bampa, halafu arudi nayo taratibu mpaka uione mdomo wake kupitia kioo cha kati. Kwangu ilionekana kwenye hatua ya saba. Ndoo ile kimo chake kinakaribia cha mtoto anayetambaa. Hatua saba nyuma ya gari tupu sikuwa naona kitu! Sasa rudia ukitumia vioo vya pembeni peke yake, maana ukipakia hivyo ndivyo utakavyobaki navyo. Chora chini kwa chaki sehemu usizoziona. Michoro hiyo ndiyo itakuambia ufunge nini na wapi.

Sasa vioo vyenyewe. Saiti mira zetu, yaani vioo vya pembeni, huibiwa na kuvunjika, na wengi tukishavunjikiwa tunakwenda kwa mtu wa vioo anatukatia kipande cha kioo cha kawaida, kile cha kujitazamia nyumbani, anakigundisha. Kinang'aa, kinapendeza, na picha inakuja kubwa. Tatizo ni kwamba vioo vingi vya pembeni vya kiwandani vimebinuka kidogo kwa nje ili vikusanye eneo pana. Kile cha kukatwa ni bapa, kinakuonyesha kijia chembamba tu. Mimi niliendesha na kioo bapa upande wa kushoto karibu mwaka mzima bila kujua, nikidhani bodaboda wa Barabara ya Makongoro wanatokea ardhini. Kupima ni rahisi: simamisha rula juu ya kioo. Ikigusa katikati na ncha zikaacha upenyo, kimebinuka. Ikilala yote, ni bapa. Tafuta cha asili hata kama ni kilichotumika. Ukikipata, kichore namba ya gari na upige ribiti, usije ukarudi kwa mtu wa vioo mwezi ujao.

Halafu kuna namna ya kuvitega. Wengi tunavitega ili nusu ya kioo ionyeshe ubavu wa gari letu. Mhandisi wa Marekani, George Platzer, aliandika mwaka 1995 kuhusu jiometri ya vioo vya gari na jinsi ya kuondoa zile sehemu zilizofichika. Kwa gari letu la usukani wa kulia inakuwa hivi: egemeza kichwa karibu kiguse dirisha lako la kulia, kisha sukuma kioo cha kulia kwa nje mpaka ubavu wa gari ubaki unaonekana kwa kuchungulia tu. Kwa kioo cha kushoto, inamia katikati ya gari kati ya viti viwili, fanya vilevile. Ukikaa sawa, ubavu wako hauuoni tena, ila bajaji inayokupita inatoka kioo cha kati, inaingia cha pembeni, kisha unaiona kwa jicho, bila kupotea popote.

Lakini hapa uwe makini, na sijaona watu wakilisema hili: utegaji huo unategemea kioo cha kati kiwe kinafanya kazi. Ukishapanga magunia hadi juu, nyuma yako moja kwa moja pamebaki giza, na vioo ulivyovifungua nje vinazidi kupaacha. Kwa hiyo mimi nina mitego miwili. Gari tupu, natega hivyo. Gari lenye mzigo, navirudisha ndani kidogo nione ukingo wa gari na barabara inayonifuata, na pembeni kabisa naachia vioo vidogo vya duara vifanye kazi.

Vioo hivyo vidogo vilivyobinuka sana, vya kubandika, utavikuta kwa wamachinga. Kati ya vyote nilivyofanya, ndivyo vilivyonipa faida kubwa kwa hela ndogo. Usivibandike siku hiyohiyo. Vishikize kwanza kwa plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, uzunguke navyo wiki nzima, uvihamishe mpaka ujue kona gani haikuzibii kitu. Kwangu vimekaa kona ya chini upande wa nje, navitumia pia kuona tairi la nyuma ninapopanda mlima wa Isamilo kwenye zile njia zenye mawe kando. Ukiridhika, safisha kioo kwa spiriti, kikauke, bandika, usioshe gari siku nzima. Na uvizoee kabla ya kuviamini: kadiri kioo kilivyobinuka ndivyo kitu kinavyoonekana kidogo na cha mbali. Bodaboda unayemwona kama yuko nyuma sana anaweza kuwa usawa wa mlango wako.

Tinti ya nyuma iliyotoa malengelenge, itoe. Nyunyiza maji ya sabuni, funika kwa nailoni, acha kwenye jua letu hili la mchana, kisha uibandue polepole ukianzia kona. Usikwangue kwa wembe: ile mistari myembamba kwa ndani ndiyo inayopasha kioo joto na kuondoa ukungu wakati wa masika, ukiikata imekwenda.

Kuna pia plastiki laini yenye mistari ya miduara, hubandikwa kwa maji kwenye kioo cha nyuma na kukuonyesha chini ya dirisha. Ni lenzi ya Fresnel, jamaa wa lenzi ambazo Augustin Fresnel wa Ufaransa alizibuni miaka ya 1820 kwa minara ya kuongozea meli. Noah inaifaa kwa kuwa kioo chake cha nyuma kimesimama wima. Ila ukipakia haina kazi, na usiku picha inafifia. Kwa anayebeba abiria ningemwambia anunue. Kwako wewe, hapana.

Kamera nimeiweka mwisho kwa makusudi. Tangu Mei 2018 Marekani inataka kila gari jipya dogo liwe na kamera ya nyuma, na ndiyo kitu pekee kitakachokuonyesha yule mama aliyeinama wakati umepakia hadi juu bila kuacha upenyo. Lakini ukiwa barabarani unakwenda mbele haikusaidii, na pale Mwaloni inachafuka kwa nusu siku. Vioo kwanza.

Kuifunga unaweza. Weka jiwe kwenye tairi, washa swichi bila kuwasha injini, ingiza rivasi, kisha kwa testa (kipimio cha umeme) tafuta waya wenye moto kwenye soketi ya taa ya rivasi. Hapo ndipo kamera inapata umeme, ukipitia fyuzi ndogo. Waya wa hasi unafunga kwenye chuma cha bodi ulichokwangua rangi. Skrini nayo ukiichukulia umeme palepale, itawaka ukiingiza rivasi tu, na kazi imekuwa nyepesi. Waya wa picha upitishe ndani ya ule mpira wenye mikunjo kati ya bodi na mlango wa nyuma, uache ulegevu, kwa sababu mlango wa Noah unapanda juu sana na utaukata. Kutoka hapo fuata plastiki za chini ya milango mpaka mbele. Ukikutana na waya au soketi za njano, ziache kabisa, ni za mifuko ya hewa.

Mimi mara ya kwanza picha ilikuja kinyume: kijana aliyesimama kulia kwa gari alitokea kushoto kwenye skrini. Usiendeshe hivyo hata siku moja, mkono utakwenda upande usio sahihi. Kamera nyingi za bei ndogo zina kitanzi cha waya ambacho ukikikata, kulia na kushoto kwenye picha hubadilishana. Soma karatasi yake kwanza, kwa maana kitanzi kingine huondoa mistari ya kupimia umbali. Ile mistari nayo usiiamini mpaka uipime kwa ndoo yako ya lita 20.

Taa za rivasi: kabla ya kuongeza nyingine, osha zilizopo na ubadilishe balbu zilizoungua. Ukiongeza taa kubwa tumia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa), na iwake kwa rivasi tu, usije ukampofusha anayekufuata. Kengele ya rivasi nimeifunga pia, inaungwa kwenye waya uleule. Sokoni watu wanaisikia kabla sijasogea. Pamoja na hayo yote, Mwaloni bado nashuka, nazunguka gari, napanda, naondoka papo hapo. Nikichelewa hata dakika mbili, nashuka tena.

Jambo moja nijibu: juu ya mlango wako wa nyuma, kwenye kona, kuna kile kioo kidogo kinachotazama chini? Magari mengi ya familia kutoka Japani huja nacho, kinaonyesha bampa na ardhi iliyo nyuma yake ukikitazama kupitia kioo cha nyuma. Watu hukitoa wakidhani ni urembo. Kama chako kimetolewa, angalia kama matundu ya bolti bado yapo, kisha nitakueleza nilivyokirudisha changu. Ukiwa nacho, panga magunia uache upenyo wa kiganja upande huo, kuanzia kioo cha kati mpaka nyuma. Mimi hupoteza nafasi ya gunia moja kwa safari, na nimekubali.