Kabla hujamwaga ndoo ya maji ya kisima kwa samaki wako wa kardinali

Wiki hii nimetumiwa picha tatu za matangi, na zote kama pacha: mawe meupe chini, taa kali juu, maji meupe pee, samaki wanne wadogo wa urembo waitwao kardinali wamejibana nyuma ya filta. Chini yake: "Kaka, wawili wamekufa, tatizo nini?" Wadogo zangu, nawapenda, lakini swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Leo naliandika lote.

1. Wanne si kundi. Anza na kumi. Samaki wa sentimita tatu aliyezoea kuogelea na mamia ya wenzake kwenye misitu iliyofurika ya Rio Negro, mto wa Amerika Kusini, ukimwacha na watatu anashinda kajificha na hali chakula. Usiku rangi yao hufifia, ni kawaida. Washa taa, subiri dakika kumi, itarudi.

2. Mjue uliyemnunua. Wekundu ukitoka kichwani hadi mkiani, huyo kardinali. Ukianzia katikati ya tumbo, huyo ni ndugu yake, neoni. Kardinali anataka nyuzi 26 hadi 29, kwa hiyo Dar kununua hita ni kupoteza hela bure. Neoni anapenda ubaridi kidogo, waachieni wenzetu wa Arusha.

3. Majani ya mkungu. Wenzetu wa Ulaya wanayanunua kwa pakiti, sisi yanatuangukia uani huku watoto wakigonga kungu kwa mawe. Okota yaliyodondoka yenyewe na kukauka, mbali na barabara, suuza, tumbukiza. Siku ya tatu maji yanakuwa kama chai ya rangi iliyopoa. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikaa sakafuni mbele ya tangi: mmoja akachomoza, akasimama chini ya jani, mapezi yakitetemeka, ule mstari wa buluu ukawaka kwenye kiza. Wengine wakamfuata. Lakini jani halilainishi maji magumu. Kama sabuni haitoi povu kwenye maji yako, majani yatabadilisha rangi tu.

4. Hapa ndipo penye kidonda changu. Nilikuwa na tangi la lita 160, kardinali 32, mwaka na nusu bila kufiwa. Nilitumia maji ya mvua na mkungu. Nilikuwa napima pH peke yake (kipimo cha asidi ya maji: ikishuka chini ya 7, maji yana asidi), na ikisoma 5.5 nafurahi, kwa sababu nilijua mtoni kwao huwa chini zaidi ya hapo. Sikupima amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, hata siku moja. Samaki wanakula, wanang'aa, nipime ya nini?

Sikujua kwamba pH ikishuka chini ya 6, bakteria wa filta wanazorota. Uchafu haukuwa unaliwa, ulikuwa unalimbikizana kama amoniamu, ambayo kwenye maji ya asidi haiwasumbui sana samaki. Kwenye pH 6, sehemu iliyo amonia kali haifiki hata moja kwa elfu. Kwenye pH 8 ni kama tano kwa mia.

Februari simtanki la mvua likakauka. Maji ya tangini yalikuwa yamechakaa, nikaona niwafanyie hisani. Jioni nikatoa nusu, nikamimina ndoo nne za maji ya kisima, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Saa tatu usiku wote wako juu, midomo ikigusa hewa, mashavu yanapiga haraka haraka. Nikasema maji bado machafu. Nikaongeza ndoo mbili. Za kisima.

Kila ndoo ilikuwa inapandisha pH na kuigeuza ile amoniamu ya miezi kuwa sumu. Nilikuwa nawaua huku nadhani nawaokoa, na mkono wangu haukutulia mpaka saa nane. Alfajiri nilitoa 27 kwa kijiko cha chai, nikawafukia chini ya mkungu uleule. Mashavu yao yalikuwa mekundu kama yamechomwa. Hadi leo nikisikia maji yakimiminwa usiku, tumbo linanikata.

Kwa hiyo: pima amonia kila wiki hata kama samaki wanang'aa. Badilisha asilimia 10 hadi 15, kwa maji yanayofanana na yaliyomo. Ukiwakuta wanahema juu, usiguse ndoo kabla hujapima.

5. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, na bati jipya lisahau, zinki inaua. Maji ya bomba yatoe klorini kwanza, na sifongo ya filta isuuze kwenye maji ya tangi lenyewe, kamwe si bombani.

6. Taa. Punguza.

Na wewe uliyenitumia picha Jumapili, mwenye wawili waliobaki: usinunue wengine bado. Jaza maji ya tangi kwenye chupa ndogo, na ya kisima chako kwenye chupa nyingine, uandike ipi ni ipi, uniletee Jumamosi asubuhi. Tutapima pamoja.