Umekosa Zabuni ya Serikali? Soma Sababu Kwanza

Zabuni ikikupita, wa kwanza kukushauri ni watu ambao hawajawahi kuomba hata moja. Hapa Tanga utawakuta barazani, kikombe cha kahawa mkononi. Mmoja atakwambia haikuwa riziki. Mwingine atakwambia mshindi alijulikana tangu zamani, na ukipiga kelele utafungiwa usipate tena kazi ya serikali. Wote wanakutaka unyamaze, na huku unawasikiliza, siku zako za kulalamika zinayoyoma.

Siku zenyewe ni chache. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 2011, inakupa siku 5 za kazi kuwasilisha malalamiko, kuanzia ulipojua jambo unalolilalamikia au ulipopaswa kulijua. Hayo maneno ya mwisho usiyapite juujuu. Taarifa ya kusudio la kutoa tuzo, yaani kumpa mzabuni kazi, inaingia kwenye akaunti yako ya NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni. Ukija baadaye kusema hukuifungua kwa sababu ulikuwa msibani Lushoto, utapewa pole, na bado utaambiwa ulipaswa kujua. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi, lakini usizifanye akiba.

Taarifa hiyo inataja anayekusudiwa kupewa kazi, bei yake, na kwa nini wewe umeenguliwa. Wengi macho yao huishia kwenye bei. Wakiona wao walikuwa chini kuliko mshindi, damu inachemka. Lakini kama uliangushwa kwenye vigezo vya awali, bei yako hata haikufika kupimwa, kwa hiyo barua inayolalamikia bei haina pa kushika. Kinachobishaniwa ni ile sababu iliyoandikwa mbele ya jina lako.

Sisi tuna karakana ndogo ya samani Ngamiani. Tuliomba kazi ya madawati na viti kwa taasisi moja ya umma, tukaenguliwa kwa sababu moja tu: hatukukidhi kigezo cha uzoefu. Mwenzangu alitaka tuandike habari za nani ni shemeji ya nani. Huenda hata ushemeji wenyewe ulikuwepo, lakini karatasi ya kuuthibitisha hatukuwa nayo. Tukafungua nyaraka za zabuni na kutafuta kipengele cha uzoefu. Kilitaka mikataba miwili ya kazi inayofanana na hiyo, pamoja na nakala zake. Sisi tuliambatisha mmoja wa shule binafsi na mwingine wa hoteli. Inaelekea waliotathmini walitaka mikataba ya serikali. Neno serikali halikuwemo kwenye kipengele kile.

Hapo ndipo kesi ilipo. Kamati ya tathmini inafungwa na vigezo vilivyotangazwa kwenye nyaraka. Haiwezi kuongeza kingine ikiwa imeshakaa mezani. Ukilipata kosa la namna hiyo, huhitaji kumtukana mtu. Barua yetu ilikuwa fupi: namba ya zabuni, tarehe ya taarifa, kipengele kinasema nini, mikataba yetu iko kwenye kiambatisho gani, na ombi kwamba tathmini irudiwe kwa vigezo vilivyotangazwa. Ombi lenyewe usilisahau. Nimeshaona barua za watu zimejaa uchungu kurasa kwa kurasa, na ukimaliza kusoma hujui mwandishi anataka afanyiwe nini.

Malalamiko yanaanzia kwa Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha na manunuzi yake, ambaye kwenye halmashauri ni Mkurugenzi. Hayaanzii kwa Mkuu wa Mkoa wala kwa Mbunge. Kuna diwani mmoja, mtu mwema kabisa, alijitolea kutupigia simu. Tukamwambia, "Mheshimiwa, tunakushukuru sana, lakini tuachie barua ifanye kazi yake." Simu ya mkubwa ingewapa sababu ya kusema sisi ndio tunaotafuta upendeleo.

Afisa Masuuli naye ana siku 5 za kazi kutoa uamuzi. Akikukatalia, au muda ukapita kimya, unakata rufaa PPAA, yaani Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, na huko pia una siku 5 za kazi. PPAA inatakiwa iamue ndani ya siku 40, na wakati huo mchakato wa zabuni unasimama. Siku hizi mambo haya yanapita kwenye moduli ndani ya NeST yenyewe, safari ya kupeleka barua Dodoma imepungua. Usiporidhika na PPAA, iko Mahakama Kuu ndani ya siku 14, kwa njia ya mapitio, yaani mahakama inakagua uamuzi ulivyofikiwa. Huko nenda na wakili.

Kwetu haikufika mbali. Afisa Masuuli aliagiza tathmini irudiwe, tukapita kwenye uzoefu, kisha tukashindwa kwa bei na mzabuni mwingine aliyekuwa chini yetu. Barazani walicheka sana. Mimi naona tulipata tulichoomba, maana tuliomba kupimwa kwa haki na tukapimwa.

Kuhusu kufungiwa: wanaofungiwa ni wenye makosa kama kughushi nyaraka au kuvunja mkataba. Kulalamika kumewekwa na sheria yenyewe. Taasisi ileile tumeshaomba kwao tena, na bwana manunuzi wao tukikutana sokoni anatuuliza habari za nyumbani kama kawaida.

Lakini kama kweli leseni yako ilikwisha muda au hukuambatisha hati ya uwakili, ile inayomruhusu mtu kusaini kwa niaba ya kampuni, acha. Huwezi kupeleka kwenye malalamiko karatasi ambayo haikuwemo kwenye zabuni. Na kama kigezo chenyewe ndicho kibovu, kimeshonwa kumfaa mtu mmoja, usingoje matokeo. Uliza ufafanuzi kabla zabuni haijafungwa, na usipojibiwa sawasawa lalamika wakati huohuo, kwa sababu siku zako 5 za jambo hilo zinaanza ulipokisoma kigezo.