Maua ya karatasi yenye taa: "Nitie shabu kiasi gani?"

SWALI: Shikamoo dada. Mdogo wangu anaolewa Desemba, ukumbi uko Morogoro, meza 30. Natengeneza mawaridi ya krepe rangi ya damu ya mzee, kila meza ua moja kubwa lenye mwanga ndani. Nilijaribu taa za LED za betri, mwanga ukawa hafifu, nikaamua kutumia mishumaa midogo ya vikombe vya bati. Nimeambiwa nikiloweka karatasi kwenye maji ya shabu na chumvi, kisha nikaipulizia spreyi ya nywele, haishiki moto. Nitie shabu kiasi gani kwa lita moja? Ua la majaribio nililiweka sebuleni, mshumaa ukawaka saa nzima bila shida.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kipimo cha shabu sikupi, maana nikikupa utaweka mishumaa.

Swali hili linanijia kila msimu wa harusi, na linaniumiza kwa sababu aliyekushauri amechanganya ukweli kidogo na uongo mwingi. Ni kweli shabu hupunguza kasi ya mwali. Lakini karatasi bado inaungua, inakuwa mkaa, inamomonyoka na kudondokea kitambaa cha meza. Chumvi haizuii moto. Kazi yake ni kunyonya unyevu wa hewani hadi petali zilegee. Na krepe ukishailoweka, makunyanzi yanafumuka, rangi inachuja, ua linakuwa limekwisha kabla ya harusi. Spreyi ya nywele ndiyo mbaya kuliko vyote: ina alkoholi na gesi zinazowaka. Soma kopo lenyewe, alama ya moto imechorwa pale. Mtu anakwambia uipulize kwenye karatasi kisha uwashe mshumaa katikati, na bado anajiita fundi!

Karatasi hushika moto kwenye nyuzi joto 230 hivi. Mwali wa mshumaa, hata ule mdogo, unapita 1,000. Sebuleni kwako ulisimama wima kwa kuwa hapakuwa na upepo. Ukumbini kuna feni, kuna wahudumu wanaopita na sinia, kuna mabibi wanaopepea khanga wakati wa kutuza. Mwali unalala upande. Halafu MC anaita watu wakacheze, meza zinabaki peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mshumaa wa kikombe ukishawaka kwa muda, nta yote inakuwa maji. Petali moja ikidondokea humo inageuka utambi wa pili, mwali unakua mara mbili, mara tatu. Nimeliona hilo kwenye meza ya wageni, na aliyekuja kusaidia akamwagia maji. Usifanye hivyo kamwe: nta ya moto ikikutana na maji hulipuka na kurusha moto. Funika kwa sahani ya udongo au kifuniko cha sufuria.

Sasa taa zako hafifu. Nadhani ulitumia betri za kuchaji. Betri ya AA ya kuchaji ina volti 1.2, mbili ni 2.4, wakati LED nyeupe inahitaji karibu volti 3. Tia betri mbili za alkali, kila moja volti 1.5, tena mpya, zinazofanana. Na rangi yako nayo inameza mwanga. Petali za nje ziache damu ya mzee, za ndani tumia krepe nyembamba ya krimu au pichi, na waya wa taa uuzungushe kati ya tabaka hizo mbili badala ya kuusokomeza kwenye kitovu. Kasha la betri lifiche chini ya ua, mbali na waya wa shina: ule wa chuma ukigusa ncha mbili za betri, betri inachemka.

Kwako yameisha, lakini kamati za harusi nazo zisikie. Kumbi zetu tunazijaza vitambaa kuanzia dari hadi sakafuni, na vingi ni poliesta, ambayo ikiungua inayeyuka na kudondosha matone ya moto juu ya watu. Mlango wa dharura mara nyingi uko nyuma ya pambo la meza kuu. Na wapo wanaokuja na chupa isiyo na lebo wakisema ni "dawa ya moto", wanapulizia dari nzima na kudai pesa. Akija huyo, mwambieni akate kipande cha kitambaa alichokwisha kupulizia, kikauke, mtoke nacho nje mbali na watu, akishike kwa koleo na kukiwasha kwa chini mbele yenu. Mwali ukiendelea baada ya kiberiti kuondolewa, au matone yakadondoka yanawaka, dawa hiyo ni maji. Akikataa kujaribu, msimlipe, na vitambaa vyake avishushe.